Muziki Masikioni: Waya Umeondoka, Hatari Imebaki



Mwezi huu tunapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya vifaa vya kusikilizia muziki masikioni. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, mashine ndogo ya kaseti ya kubeba, na mtu akaweza kutembea na muziki wake peke yake. Siku hizi muziki umo ndani ya simu, na vifaa vingi havina waya. Simu hupeleka sauti kwa mawimbi ya redio yaitwayo Bluetooth. Vipo vidogo vya kuchomeka sikioni, zipo hedifoni zinazofunika sikio lote, na vipo vinavyokaa mbele ya sikio na kupitisha mtikisiko katika mfupa.

Wazazi hutuuliza: Je, mawimbi hayo huleta saratani ya ubongo? Mawimbi ya Bluetooth ni ya nguvu ndogo, na mpaka sasa haijathibitika kwamba huleta saratani. Hatari iliyothibitika ni nyingine, nayo ilikuwapo hata wakati wa waya: sauti kubwa kwa muda mrefu.

SIKIO HUUMIAJE?

Sauti hutikisa kiwambo cha sikio, na mtikisiko hupita katika vifupa vitatu mpaka sikio la ndani. Humo mna kiungo kilichojikunja kama nyumba ya konokono, chenye chembehai za vinyweleo kama 15,000 hivi. Hizo ndizo zinazopeleka habari ya sauti ubongoni. Nyasi zikikanyagwa mara moja huinuka. Zikikanyagwa kila siku, panakuwa njia. Ndivyo zilivyo chembehai hizi. Sauti kubwa huzichosha, ikizidi huziua, na zikifa hazioti tena. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti tu, hakizirudishi.

KIPIMO CHA USALAMA

Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda wa usalama hupungua nusu. Hivyo desibeli 90 ni saa 4 tu kwa juma, na desibeli 100 ni dakika 20 hivi. Kwa kuwa nyumbani hatuna mashine ya kupimia, tufuate kanuni hizi:

1. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Simu ikionyesha onyo, tusilipuuze.

2. Aliyekaa karibu nawe akiusikia muziki wako, sauti imezidi. Ipunguze.

3. Ndani ya daladala au karibu na mashine ya kusaga, vijana huongeza sauti ili kushinda kelele. Hapo ndipo masikio huumia zaidi. Hedifoni inayofunika sikio vizuri huzuia kelele, nawe huhitaji kuongeza sauti. Kama huna, subiri ufike.

4. Pumzisha masikio mara kwa mara, wala usilale navyo.

5. Vifaa vya mfupa huacha tundu la sikio wazi, lakini mtikisiko hufika kwenye chembehai zile zile. Navyo visifunguliwe kwa sauti kubwa.

6. Usiazimane vifaa vya kuchomeka sikioni. Vifute kwa kitambaa safi kikavu. Sikio likitoa usaha, usichomeke kitu, bali nenda hospitali.

7. Mwendesha bodaboda, mwendesha baiskeli na anayevuka barabara avivue. Mikono kuwa huru haitoshi ikiwa masikio hayasikii honi.

Nyumbani, spika ndogo mezani kwa sauti ya chini ni bora zaidi, maana familia husikiliza pamoja na kuongea.

DALILI ZA KUANGALIA

Masikio kulia kama nyenje, kuhisi yamezibwa baada ya muziki, kuuliza kila mara "umesemaje?", au kuongeza sauti ya redio kuliko wengine: hizo ni dalili za kupimwa. Mtu akipoteza usikivu ghafla, hata wa sikio moja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani matibabu yakichelewa huenda yasisaidie.

Tena tunawasihi wazazi: mtoto anayeitwa mara tatu asiitike si lazima awe mkaidi. Kabla ya kumkaripia au kushika fimbo, apimwe masikio. Wapo wanaoonekana wazito darasani kumbe hawamsikii mwalimu.

Katika Ubatizo padre huweza kuyagusa masikio ya mtoto na kumwombea apate kulisikia Neno la Mungu. Masikio hayo ni yale yale tunayoyajaza muziki leo. Tuyatunze.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, nyumbani kwetu nani hutumia vifaa hivi, na kwa saa ngapi kwa siku?

2. Kwa nini sauti ikiongezeka kidogo, muda wa kusikiliza upungue sana?

3. Jumuiya yetu itawasaidiaje vijana wa bodaboda juu ya jambo hili?