Uwanja Mmoja, Timu Mbili

Uwanja wa michezo ni mali ya gharama. Hutaka ardhi tambarare, nyasi, maji, uzio na mahali pa watazamaji. Kwa hiyo mara nyingi timu mbili au zaidi hutumia uwanja mmoja. Je, ikiwa moja ni ya wakubwa wanaolipwa na nyingine ni ya wanafunzi, nani ampishe mwenziwe?

Sisi wa Ufipa twalifahamu jambo la kupokea wageni uwanjani. Katika msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ya Mbeya iliutumia Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, kuwa nyumbani kwake. Hapo ndipo tarehe 22 Oktoba 2020 ilipoifunga Simba 1–0.

Sasa tutazame Japani, katika mchezo wa besiboli. Timu ni mbili, kila moja watu 9. Mmoja hutupa mpira. Mpinzani huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne ili apate pointi.

Kampuni ya reli ya Hanshin ilifungua Uwanja wa Koshien, karibu na Kobe, tarehe 1 Agosti 1924. Mashindano ya shule za sekondari, yaliyoanza 1915 mahali pengine, yalihamia hapo. Mwaka 1935 kampuni hiyo iliunda timu ya kulipwa, ambayo leo huitwa Hanshin Tigers. Uwanja ni wao, na timu ni yao. Hata hivyo, kila Agosti wanafunzi wanapofika, Tigers huondoka wakacheza kwingine mpaka mashindano yaishe.

Je, wakubwa hupata hasara? La. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Japani walijulikana kwanza Koshien, wakiwa wanafunzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jina hilo limefika kwetu pia: mashindano ya besiboli ya vijana nchini huitwa Tanzania Koshien, na mwaka 2018 uwanja wa mchezo huo ulifunguliwa Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani.

Basi tujifunze mambo mawili. Kwanza, ratiba ipangwe mapema, isiwe ya mwenye nguvu. Pili, timu ya shule isiwafukuze kiwanjani wadogo wa Kidato cha Kwanza. Hao ndio timu ya kesho.

Maswali
1. Kwa nini timu nyingi hutumia uwanja mmoja?
2. Tigers hufanya nini kila Agosti?
3. Andika ratiba ya juma moja ya kiwanja cha shule yako, kila timu ipate zamu.