Bata bukini shambani: jinsi ya kuchagua risasi za bunduki ya marisau

Msimu wa kumwaga mbegu unakaribia na ujumbe umeanza kuingia kwenye simu yangu. Safari hii wengi hamjaniuliza kuhusu kwelea. Mnauliza kuhusu bata bukini. Vijana wa mpunga mnalalamika kwamba mnamwaga mbegu iliyochipua jioni, asubuhi mnakuta jaruba limekanyagwa kama uwanja wa mpira. Na swali lenyewe linakuja hivi: "Bwana shamba, tumepata mtu mwenye shotigani na kibali. Tumnunulie risasi gani?"

Ni swali zuri, na wengi wanalijibu kwa kwenda dukani na kuchukua chochote kilichopo kwa bei ya chini. Kwenye shamba la mpunga hilo lina gharama ambayo haionekani siku hiyo.

Kabla ya yote, sheria. Kwa Tanzania, leseni ya silaha ni jambo moja, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali cha kuwinda ndege ni jambo jingine kabisa, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwa na bunduki halali hakukupi ruhusa ya kupiga bata, hata akiwa katikati ya jaruba lako. Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, mwambie ndege gani, shamba lipi, uharibifu kiasi gani, na beba picha. Mliopo Kenya, uwindaji kwenu ulifungwa tangu mwaka 1977, kwa hiyo malalamiko ya ndege yapelekeni KWS na msishike bunduki. Sirudii tena hapo.

MANENO KWANZA, TUSIJE TUKACHANGANYANA

Kiswahili chetu kina mtego hapa. "Risasi" ni ile kitu nzima unayoingiza kwenye bunduki, na "risasi" hiyo hiyo ni jina la madini, yale mazito ya kijivu yanayowekwa kwenye betri za gari. Katika somo hili nikisema risasi namaanisha ile nzima, yenye ganda, baruti na chembe zake. Zile chembe za mviringo ndani yake nitaziita marisau. Madini nitayaita madini ya risasi.

NDEGE GANI UNAYEMPIGA?

Kwenye mashamba yetu kuna wawili wanaosumbua. Wa kwanza ni bata bukini wa Misri, yule wa kahawia mwenye duara la kahawia iliyokoza kuzunguka jicho. Ana uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili na kidogo. Wa pili ni yule mkubwa mweusi mwenye uso mwekundu na mwiba mkali kwenye kifundo cha bawa. Dume lake linaweza kufika kilo sita, mifupa mizito, manyoya mengi. Risasi inayomwangusha wa kwanza papo hapo inaweza kumjeruhi tu wa pili, akaruka kilomita mbili na kwenda kufia kwenye matete. Umepoteza risasi, umemtesa ndege, na bata hao wengine wala hawajajifunza kitu.

MADINI YA RISASI AU CHUMA?

Hapa ndipo penye uzito wa somo la leo, nivumilie.

Kwa miaka mingi marisau yalitengenezwa kwa madini ya risasi. Ni mazito, laini, yanaruka mbali na hayaumizi mtutu. Shida inaanza baada ya kupiga. Risasi moja ya bata ina marisau zaidi ya mia. Ukimpata ndege, yanamwingia matano au sita. Mengine yote yanaanguka kwenye tope la jaruba lako na kukaa hapo.

Sasa, bata hana meno. Anameza vijiwe vidogo vinavyokaa kwenye firigisi kusaga chakula. Akichokora tope haoni tofauti kati ya kijiwe na risau. Anameza. Firigisi inalisaga, tindikali ya tumbo inaliyeyusha, sumu inaingia kwenye damu. Ndege anadhoofika, mabawa yanalegea, anakufa taratibu porini ambako hakuna anayemwona. Marekani, mtafiti Frank Bellrose alikadiria mwaka 1959 kwamba asilimia 2 hadi 3 ya bata wote wa Amerika Kaskazini walikuwa wanakufa kila mwaka kwa njia hii. Mabishano yakaendelea zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1991 Marekani ikapiga marufuku marisau ya madini ya risasi kwa kuwinda bata na bata bukini nchi nzima. Kanada ikafuata mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ukafunga kwenye maeneo oevu Februari 2023.

Utaniambia hayo ni ya wazungu. Sivyo. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohamahama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ule uliofanyika The Hague mwaka 1995. Mkataba huo unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuondoa marisau ya madini ya risasi kwenye maeneo oevu. Na jaruba la mpunga, ndugu yangu, ni eneo oevu la kutengenezwa na mtu.

Hebu acha hata mkataba. Fikiria bata wako wa kufuga. Wangapi kati yenu mnawaachia bata kwenye majaruba baada ya kuvuna? Watachokora tope lile lile. Halafu kuna nyama. Risau la madini haya likigonga mfupa linamegeka vipande vidogo ambavyo hata ulimi hausikii. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu madini haya yanaathiri ubongo unaokua. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: kwenye mpunga, mifereji na mabwawa, madini ya risasi hapana. Hata kama ni bei rahisi. Hata kama mwindaji anasema ametumia miaka yote.

CHUMA KINA TABIA ZAKE

Mbadala wa kawaida ni chuma laini. Tatizo la chuma ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8 hivi, ya madini ya risasi ina gramu 11 na zaidi. Risau jepesi linapoteza kasi haraka hewani na linafika kwa ndege likiwa limechoka. Dawa yake ni kulikuza. Kanuni ya wawindaji ni kupanda saizi mbili: kama ulikuwa unatumia namba 4 ya madini ya risasi, kwa chuma chukua namba 2. Nimepiga hesabu: risau la chuma la mm 3.8 lina gramu 0.23 hivi, na lile la madini ya risasi la mm 3.3 lina gramu 0.21. Zinakaribiana.

Angalia pia kwamba namba zinakwenda kinyume. Namba ikipungua, risau linakua. Baada ya namba 1 zinakuja herufi, B, BB na kuendelea. Na namba za Marekani si sawa na za Uingereza: namba 4 ya Marekani ni mm 3.3, ya Uingereza ni mm 3.1. Dukani usiulize namba peke yake, soma milimita kwenye boksi.

Kwa bata bukini wa Misri, akiwa ndani ya mita 30, mimi nashauri chuma cha mm 3.8, yaani namba 2 ya Marekani. Kwa yule mkubwa mweusi, BB ya mm 4.6. Mbona usichukue BB kwa wote? Kwa sababu ya idadi. Risasi yenye gramu 36 za chuma ina marisau kama 155 ya mm 3.8, lakini ya BB ni kama 90 tu. Ukipungukiwa idadi, mtawanyiko unakuwa na matundu, na ndege mdogo anapita katikati ya tundu akiwa amechubuliwa tu. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: uzito wa kila risau dhidi ya wingi wake. Huwezi kupata vyote kwa risasi moja.

Kuna bismathi na tangsteni pia. Bismathi ina gramu 9.7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ni laini, inafaa bunduki za zamani. Tangsteni ni nzito kuliko madini ya risasi yenyewe. Zote mbili bei yake inauma, na madukani kwetu ni za kutafuta.

BUNDUKI YENYEWE INAKUBALI?

Hapa nawaomba msimwonee mwindaji aibu, mwambieni aitoe muione. Bunduki nyingi zilizoko vijijini ni za zamani, za mitutu miwili, zimetengenezwa kwa madini laini. Chuma cha saizi ya bata bukini kinataka mtutu uliopimwa kwa chuma. Kwa bunduki za Ulaya tafuta alama ndogo ya ua la yungiyungi iliyogongwa kwenye chuma cha mtutu. Hakuna alama na hakuna maandishi ya kiwandani? Basi fundi silaha mwenye leseni aikague, au tafuteni bunduki nyingine.

Pili, kibano cha mdomo wa mtutu. Chuma hakibonyei kama madini ya risasi, kwa hiyo kinapita kikiwa kimeshikana. Kibano kamili kinaweza kuvimbisha mdomo wa mtutu. Marisau yanayozidi mm 4 yasipitishwe kwenye kibano zaidi ya nusu. Mwindaji wa zamani atabisha kwamba kibano kamili ndicho kinachofika mbali. Kwa madini ya risasi alikuwa sahihi.

Tatu, urefu wa risasi. Bunduki ya geji 12 inaweza kuwa na chemba ya mm 70, 76 au 89. Imeandikwa kwenye mtutu. Risasi ya mm 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya mm 70 bila kugoma, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ganda likifunguka halina nafasi na mgandamizo unapanda vibaya. Kuingia hakumaanishi kufaa.

JARIBU KWENYE KARATASI

Msinunue maboksi kumi kwa sifa. Nunueni boksi moja moja la aina mbili tofauti. Bandikeni karatasi pana kwenye tuta la udongo mahali ambapo polisi na uongozi wa kijiji wanajua, rudini mita 30 zilizopimwa kwa futi kamba, mwindaji apige mara tatu, kila mara karatasi mpya. Choreni duara la sentimita 76 pale marisau yalipojaa zaidi, kisha hesabuni matundu. Mnachotafuta ni duara lililojaa sawasawa bila uwazi wa kumtosha bata. Bunduki mbili za aina moja zinaweza kutoa majibu tofauti kwa boksi lile lile, ndiyo maana siwezi kuwaandikia jina la risasi hapa mkalinunua.

Umbali wenu utoke kwenye karatasi hiyo. Kama kwa mita 30 duara ni zuri na kwa mita 40 lina matundu, basi mita 30 ndiyo mwisho. Chomekeni vijiti vyenye kitambaa shambani ili mwindaji asikadirie kwa macho. Bata mkubwa angani anaonekana yuko karibu kuliko alivyo.

SIKU YENYEWE

Chuma kinadunda kwenye maji, mawe na kingo za saruji za mfereji. Waamiaji, hasa watoto, watoke shambani kabla ya alfajiri, na mbele ya bunduki kuwe na mita 400 zisizo na mtu wala ng'ombe. Hakuna kupiga ndege aliye chini kwenye maji huku kuna watu ng'ambo. Aliyejeruhiwa afuatwe na kumalizwa kabla ya kupiga mwingine.

Na msitarajie bunduki ifanye kazi ya shamba zima. Ndege wachache wakianguka, kundi linahama siku chache na kurudi. Zile siku chache ndizo mnazonunua: punguzeni maji kwenye jaruba baada ya kumwaga mbegu, ili mbegu ishike mizizi. Wenye nguvu kazi ya kutosha, pandikizeni miche badala ya kumwaga.

Mkimaliza, okoteni maganda na vile vikombe vya plastiki vinavyotoka na marisau, haviozi na vinaziba milango ya maji. Wakati wa kuchinja, pasueni firigisi muangalie. Mkikuta chembe laini ya kijivu inayokatika kwa kisu, jueni huenda kuna mtu juu ya mfereji wenu bado anapiga madini ya risasi, na hilo lipelekeni kwenye kikao cha skimu.