Kansere ya Vifuko vya Mayai na Urithi wa Jamaa

Wamama wapenzi, na ninyi wababa pia, somo hili ni lenu wote. Baba asiseme, "Hayo ni mambo ya wanawake," na kutupa karatasi. Mbele kidogo ataona kwa nini tumemwita.

Tuanze na mfano. Tuseme kuna jamaa moja pale Katuba. Nkambo alikufa na tumbo la kuvimba. Miaka ikapita, binti yake wa kwanza akavimba tumbo vilevile, akafa akiwa na miaka 48. Sasa mdogo wake, mwenye miaka 44, anasikia tumbo linajaa, chakula kidogo tu kinamshibisha. Pa kilio watu walikwisha kusema polepole: "Njo bulozi. Kuko mutu mu famili anabakula." Wakaanza kumtazama shangazi mzee asiye na mtoto. Mzee anafukuzwa katika lupango, mgonjwa anapelekwa kwa mufumu, na miezi inapita. Hapo watu wawili wanaumizwa: mmoja kwa kusingiziwa, mwingine kwa kuchelewa.

Jamaa ile wameona jambo la kweli. Kuna kitu kinachopita toka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Lakini si ulozi. Tujifunze ni kitu gani.

1. VIFUKO VYA MAYAI NI NINI?

Mwanamke ana vifuko viwili vidogo ndani ya tumbo la chini, kimoja kuume na kimoja kushoto. Humo mayai ya uzazi yanakaa. Wanganga wanaviita ovari. Karibu yake kuna mirija miwili inayopeleka yai kwenye tumbo la uzazi. Kansere tunayosema inaanza katika ovari, na mara nyingi mwanzo wake ni katika ncha ya mirija ile.

Usichanganye kansere hii na ile ya mlango wa kizazi. Ile ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi, tena kuna chanjo na kipimo cha kuiona mapema. Hii ya ovari ni nyingine.

2. JENI NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa vipande vidogo sana vinavyoitwa seli. Kila seli ina maagizo ya kazi yake, sawa kitabu kilichoandikwa. Agizo moja tunaliita jeni. Karibu kila jeni tunayo mara mbili: moja toka kwa baba, moja toka kwa mama.

Kuna jeni mbili ambazo kazi yao ni kutengeneza makosa yanayotokea katika kitabu hicho. Zinaitwa BRCA1 na BRCA2. Bibi Mary-Claire King, mtaalamu wa Marekani, alionyesha mwaka 1990 mahali ambapo ile ya kwanza inakaa. Mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana, na mwaka 1995 ile ya pili.

Fikiri nyumba yenye mafundi wawili wa mabati. Bati likitoboka, fundi mmoja anaziba. Fundi mmoja akishindwa, mwingine yuko. Lakini mtu mwingine anazaliwa na fundi mmoja tu mzima, kwa sababu jeni aliyopewa na mzazi mmoja imeharibika. Nyumba haivuji bado. Siku fundi wa pili naye anapoharibika ndani ya seli moja, matundu hayazibwi tena. Makosa yanaongezeka, na seli ile inaweza kugeuka kansere. Ndiyo maana mtoto harithi kansere yenyewe. Anarithi hatari kubwa ya kuipata.

3. HATARI NI KIASI GANI?

Katika nchi zinazohesabu wagonjwa vizuri, kati ya wanawake 100 ni 1 ao 2 tu wanaopata kansere ya ovari maishani. Wenye jeni BRCA1 iliyoharibika, wakifika miaka 80, ni karibu 44 kati ya 100. Wenye BRCA2 iliyoharibika ni karibu 17 kati ya 100. Wote hawa wana pia hatari kubwa ya kansere ya maziwa.

Tazama hesabu hizo pande zote mbili. Hata kati ya wenye BRCA1 iliyoharibika, zaidi ya nusu hawapati kansere ya ovari. Tena wanawake wengi wenye kansere hii hawakuirithi: wenye jeni ya kurithi ni pengine mmoja kati ya watano ao sita.

Wengine wanasema, "Ni magonjwa ya Wazungu." Hapana. Huko Nigeria wanganga walipima wanawake zaidi ya 1,000 wenye kansere ya maziwa, wakatangaza matokeo mwaka 2018. Karibu mmoja kati ya kumi alikuwa na BRCA1 ao BRCA2 iliyoharibika.

4. INAPITAJE KATIKA JAMAA?

Hapa Lubumbashi tunajua drepanositozi, ugonjwa wa SS. Mtoto anakuwa SS akipewa jeni mbaya na baba na mama wote wawili. Hii ya BRCA ni tofauti: jeni moja iliyoharibika, toka kwa mzazi mmoja tu, inatosha kuleta hatari.

Kila mtoto ni kama kurusha kifuniko cha chupa: upande huu anaipata, upande ule haipati. Mtoto ambaye hakuipata hawezi kuwapa watoto wake.

Sasa wababa, sikilizeni. Baba naye anaweza kuwa na jeni hiyo na kumpa binti yake, bila yeye kuugua. Wakati mwingine yeye mwenyewe anapata kansere ya prostati, ao hata ya ziwa. Kwa hiyo ukiuliza habari za jamaa, uliza pande zote mbili. Wabemba wanahesabu ukoo kwa mama, Waluba wa Katanga kwa baba. Jeni haifuati desturi ya ukoo. Shangazi, dada ya baba, ni wa kuulizwa sawasawa na mama mdogo.

5. DALILI ZA KUANGALIA

– Tumbo kuvimba ao kujaa.
– Kushiba upesi, kukosa hamu ya chakula.
– Maumivu ya tumbo la chini.
– Kukojoa mara kwa mara.

Dalili hizi kila mtu anazisikia siku moja moja. Lakini zikiwa mpya, na zinarudi karibu kila siku kwa majuma mawili ao matatu, nenda hospitali. Usingoje tumbo liwe sawa la mimba. Munganga atakupima, atafanya ekografi, na pengine damu. Hospitali kubwa kama Sendwe ao Kliniki za Chuo Kikuu wanaweza kuendelea na uchunguzi.

Mwingine atauliza: "Munganga, kwa nini musitupime sisi wote kila mwaka?" Huko Uingereza walijaribu kwa wanawake 200,000 wasio na dalili, kwa damu na ekografi. Mwaka 2021 walitangaza kwamba vipimo hivyo havikupunguza vifo. Kwa hiyo mapema kuliko kipimo ni kujua jamaa yako.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, andika jamaa yako. Chukua daftari. Andika wazazi, nkambo, mashangazi, mama wadogo na wakubwa, kaka na dada. Nani alipata kansere ya maziwa, ya ovari ao ya prostati? Alikuwa na miaka mingapi? Leta daftari kwa munganga. Kipimo cha jeni chenyewe ni cha bei, na mahali pengi kwetu hakipatikani. Lakini daftari hailipishwi, na inamfungua munganga macho.

Pili, jua yanayopunguza hatari: kuzaa, kunyonyesha, na vidonge vya uzazi. Vidonge vikitumiwa miaka mitano ao zaidi, hatari inashuka karibu nusu. Usivinunue barabarani, ongea na munganga, kwa sababu si kila mwanamke anavifaa.

Tatu, kwa mwanamke aliyejulikana kuwa na jeni iliyoharibika, na aliyemaliza kuzaa, kuna upasuaji wa kuondoa ovari na mirija. Kwa BRCA1 wanashauri kati ya miaka 35 na 40, kwa BRCA2 kati ya 40 na 45. Hatari inashuka sana, karibu sehemu nane kwa kumi. Lakini si jambo dogo. Hatazaa tena, na siku zake za mwezi zitakoma mapema, pamoja na joto la mwili na mifupa kulegea. Mtu atasema, "Miye sina mugonjwa, juu ya nini banipasule?" Ni swali la haki. Mke na mume walizungumze na munganga bila haraka.

KUMBUKA

Turudi Katuba. Shangazi yule mzee hakumla mtu. Tena yeye ndiye anayekumbuka nani alikufa na tumbo, na mwaka gani. Mrudisheni katika lupango, mketi naye, mwandike. Na yule mama wa miaka 44, mpelekeni hospitali juma hili.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Baba anaweza kumpa binti jeni ya hatari? Namna gani?
2. Hii inatofautianaje na SS?
3. Taja dalili nne.
4. Katika jamaa yako, ni nani utakayemuuliza kwanza?