Kwa Maafisa Ustawi Wanaohudumia Wagonjwa wa Saratani, Kuanzia Genkuru hadi Bugando: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mgonjwa wa saratani anayetoka Genkuru, wilayani Tarime mkoani Mara, ana safari ndefu. Zahanati, hospitali ya wilaya Tarime, Musoma, kisha hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Wapo wanaofikishwa hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Njia yote hiyo, anayemtafutia msamaha wa gharama, nauli, pa kulala ndugu zake na maneno ya kumwambia kwamba tiba imefika mwisho ni afisa ustawi wa jamii. Nimeona vijana hodari wa kazi hii wakiharibika. Wanaanza kukosa usingizi, kisha wanawafokea wagonjwa, mwisho wanaomba uhamisho kwenda idara yoyote ile. Sehemu kubwa ya uharibifu huo tunaufanya wenyewe kwa namna tunavyoendesha ofisi zetu. Unazuilika. Shikeni haya.

Pesa: fanya

Anzisheni mfuko wa idara wenye daftari, watia saini wawili na kiwango kinachojulikana. Nauli ya kwenda Mwanza inahitajika kila wiki, kwa hiyo iingizwe kwenye bajeti ya hospitali. Mfuko ukikauka, andikeni hivyo kwenye faili la mgonjwa na nakala iende kwa mkurugenzi. Upungufu usioandikwa hakuna atakayeujaza.

Pesa: usifanye

Usitoe nauli mfukoni mwako. Ukimpa mmoja leo, Jumatatu watakungoja watatu, na hutakuwa na la kuwaeleza. Kuna kijana alikopa kwenye simu ili mgonjwa wake awahi mionzi. Mgonjwa alifariki kabla hajamaliza tiba. Deni likaendelea kukatwa. Na ninyi wakuu wa vitengo, acheni kumsifu kikaoni mtu aliyetoa mshahara wake. Kuanzia siku hiyo kila asiyetoa anaonekana hana utu, hata kama ana watoto wanne wa kusomesha.

Msamaha: fanya

Amueni kwa jopo: ustawi, muuguzi wa wodi na mtu wa uhasibu, na sababu iandikwe. Tangu hospitali za serikali zianze kuchangisha gharama mwaka 1993, mlango wa msamaha umekuwa mikononi mwa ustawi. Ni mzito kwa mtu mmoja.

Msamaha: usifanye

Usikubali jina lako peke yake ndilo litoe au kukataa. Unaishi na watu hawa. Unakutana nao mnadani, kanisani, kwenye gari la Nyamongo. Familia iliyouza ng'ombe wanne na bado ikaambiwa ilipie vipimo haitamkumbuka waziri, itakukumbuka wewe. Wala usiahidi. Sema utakachofanya na siku utakayoleta jibu, basi.

Maumivu: fanya

Dai mofini. Fomu zisubiri. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi hospitalini, ndipo akasomea udaktari kwa sababu aliona wanaokufa hawatulizwi maumivu. Alifundisha kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho hushikana, na kwamba dawa itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi. Hapo jirani, Uganda iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini mwaka 2004. Yajue haya, ili ukimwendea daktari uende kama mtaalamu mwenzake.

Maumivu: usifanye

Usimshike mkono saa nzima mtu anayelia kwa maumivu wakati chupa ya mofini imefungiwa stoo na mwenye funguo kaenda kula. Ndugu watakupenda, lakini wewe utavunjika ndani. Vifo vinaumiza, ila mtu hujifunza kuishi navyo. Kutazama mateso ambayo dawa yake ipo, ukanyamaza, hakuzoeleki, na wengi niliowaona wakiacha kazi hii waliiachia hapo. Inuka, mtafute mwenye funguo. Akikasirika, akasirike.

Kifo: fanya

Siku anapofariki mgonjwa mliyemhudumia muda mrefu, kaeni robo saa kabla ya kwenda nyumbani: daktari, muuguzi, ustawi, na mhudumu wa usafi aliyekuwa akifagia chini ya kitanda chake kila asubuhi. Kila mmoja aseme anachokikumbuka. Kutafuta makosa kuwe na kikao chake, siku nyingine. Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1995, aliandika jinsi wema mdogo wa wahudumu ulivyompunguzia mzigo; kituo kilichoanzishwa kwa jina lake kimesambaza vikao vya namna hii katika hospitali za Marekani na Uingereza. Kwetu hapa hakuhitajiki mradi wala posho. Benchi la nje ya wodi linatosha.

Kifo: usifanye

Usimkabidhi mwenzako faili jipya saa ileile. Usimwambie "ndiyo kazi, zoea". Nimewasikia wakubwa wakilisema hili kwa nia njema kabisa, na nimeona aliyeambiwa akizoea kweli: akaacha kuwatazama wagonjwa usoni.

Usihudhurie kila msiba. Idara itume mtu mmoja, kwa zamu. Ukizika kila mgonjwa wako, watoto wako watakuona ukiwa na nguo za msiba tu. Na ukifiwa wewe, na mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 4. Zichukue zote. Usirudi wodi ya saratani siku ya pili kwa kuona haya.

Mtoto aliyekatiza tiba: fanya

Mara na kanda yote ya Ziwa tunaijua saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Kwa kemo uvimbe hunywea upesi sana, na hapo ndipo tatizo linapoanza: baba anaona mtoto amepona, anamchukua, anarudi shambani. Siku ya kwanza kabisa chukua namba za majirani wawili na ya mwenyekiti wa kitongoji. Mweleze baba, mama akiwepo, kwamba uvimbe kupungua ni mwanzo wa tiba na dozi zilizobaki ndizo zitakazomwokoa.

Mtoto aliyekatiza tiba: usifanye

Usipande bodaboda usiku kwenda kumsaka peke yako. Piga simu, mtume mhudumu wa afya ya jamii, andika ulichofanya. Mtoto akifariki, lia na wenzako. Usijihukumu kwa uamuzi uliofanywa na ukoo mzima kwenye kikao ambacho hukuitwa.

Siri, lugha na chanzo cha ugonjwa: usifanye

Usipokee siri ya "usimwambie mama". Waambie ndugu tangu mwanzo kwamba mgonjwa akikuuliza hutamdanganya. Afisa aliyebeba uongo wa familia tano huanza kuogopa kupita wodini.

Usimtumie mtoto wa mgonjwa kutafsiri Kikuria. Binti wa miaka 12 asiwe yeye wa kumtangazia mama yake kifo. Hospitali itafute mkalimani mtu mzima na imlipe.

Mjane akikuuliza kama saratani ya mumewe imeletwa na maji ya mgodi, usiseme ndiyo, usiseme hapana. Tangu maji ya mgodi wa dhahabu wa North Mara yalipovuja kwenye mto Tigithe mwaka 2009, watu wa upande wa Nyamongo wana swali hilo, na ni swali halali. Andika kwamba ameuliza, mwelekeze kwa wenye mamlaka ya kupima. Ukijitia kulijibu, utaitwa shahidi na pande zote mbili.

Desemba: fanya

Msimu wa ukeketaji ukifika, afisa yuleyule mwenye mafaili ya saratani ndiye anayewapokea wasichana waliokimbia nyumbani. Kabidhi wagonjwa wa saratani kwa maandishi kabla Novemba haijaisha: jina, tarehe ya dozi inayofuata, namba ya ndugu. Usipofanya hivyo, kuna atakayekosa kemo wakati wewe uko kituo cha polisi ukisubiri maelezo ya binti yaandikwe, na mizigo yote miwili utalala nayo.

Simu na pombe: usifanye

Usigawe namba yako binafsi. Idara iwe na simu moja, ikae kwa mwenye zamu. Usitume picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, hata ya kumwombea mchango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na picha ya kidonda cha mama wa mtu ikishafika kijijini kabla yake huwezi kuirudisha. Usinywe ili upate usingizi. Utalala mwezi wa kwanza, baada ya hapo utakuwa na matatizo mawili.

Likizo: fanya

Hili ni lenu, waganga wafawidhi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuishiwa nguvu kazini kuwa ni matokeo ya shinikizo la muda mrefu la kazi ambalo halikusimamiwa vizuri. Anayesimamia ni wewe. Mfanyakazi akikwambia amechoka, usianze kumhubiria wito. Hesabu mafaili aliyonayo na umpunguzie siku hiyohiyo. Sheria ya ajira inampa siku 28 za likizo kwa mwaka. Mpe kwa barua, na jina la atakayeshika mafaili yake liandikwe kwenye barua hiyohiyo, kwa sababu likizo isiyo na mshika mafaili hukatizwa kwa simu siku ya pili.