Programu Inayopanda Kinole na Maktaba Yake Ndani

Programu ya C iliyojengwa kwenye Ubuntu 22.04 pale Morogoro mjini inaweza kugoma kabisa ikifika kwenye kompyuta ya Ubuntu 20.04 huko Kinole. Ujumbe utakaotokea unasema toleo GLIBC_2.34 halikupatikana. Hapo msimbo hauna kosa lolote. Programu ilitarajia kuikuta maktaba ya msingi ya C, yaani glibc, kwenye mashine ya mwenyeji, ikaikuta ya zamani: 2.31 badala ya 2.35 iliyojengewa. Kuipandisha maktaba hiyo peke yake ni kuhatarisha mfumo mzima, na kurudi mjini wakati wa masika, tope likiwa limetawala barabara za upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, si jambo la kutamani.

Dawa yake ni muunganisho tuli: programu inabeba maktaba zake ndani ya faili moja, kama msafiri aliyefunga masurufu yake mwenyewe.

Tuchukue programu ndogo ya kuhifadhi vipimo vya mvua. Vipimo hivyo vina wenyewe, kwani Mto Ruvu unaoanzia milima hii ndio unaoipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake, na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu makao yake yapo Morogoro. Tuna faili mbili za msimbo, mvua.c na tarehe.c, tunazotaka zitumike katika programu kadhaa. Amri ni hizi:

gcc -c -O2 mvua.c tarehe.c
ar rcs libmvua.a mvua.o tarehe.o
gcc -static kuu.c -L. -lmvua -lm -o kipimo

Amri ya kwanza inatoa faili za .o, yaani msimbo uliokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine lakini haujaunganishwa. Ya pili inazifunga pamoja na kuziwekea faharasa. Maktaba tuli ni hiyo tu, furushi la faili za .o. Ya tatu ndiyo inayozaa programu yenyewe.

Wengi hukwama kwenye amri ya tatu, kwa sababu ya mpangilio wa maneno. Kiunganishi husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika -lmvua kabla ya kuu.c, kitalifungua furushi wakati bado hakuna anayelihitaji, kitaliacha, kisha kikifika kwenye kuu.c kitalalamika kwamba funksheni hazijulikani. Anayeomba atangulie, anayetoa afuate. Ndiyo maana -lm, maktaba ya hesabu ambayo libmvua inaitegemea, imekaa mwisho. Na usidhani libmvua.a imeibeba -lm tumboni mwake. Maktaba tuli haibebi tegemezi zake, hivyo anayeitumia lazima aambiwe. Mahali pa kumwambia ni mstari wa Libs.private katika faili ya pkg-config.

Kiunganishi hakichukui furushi zima. Kinachukua kila faili ya .o yenye kitu kinachohitajika, na kwa kawaida inaingia nzima nzima. Ukirundika funksheni mia katika faili moja, anayetaka moja atazibeba zote. Zigawe. Majina nayo yape kiambishi, mvua_soma badala ya soma, maana maktaba mbili zenye soma zikikutana katika programu moja zitagongana. Funksheni za ndani zifiche kwa neno static.

Mtindo huu si wa mafundi wadogo peke yao. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, watafiti wamesoma vinasaba vya virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Katika fani hiyo duniani kote hutumika samtools, na ukiijenga kutoka kwenye msimbo wake, kwa kawaida inaunganishwa na libhts.a, maktaba tuli inayosoma faili za vinasaba.

Glibc ina mtego wake. Programu yako ikitafuta anwani za mtandao kwa getaddrinfo, kiunganishi kitakuonya kwamba bado itahitaji maktaba za nje wakati wa kuendeshwa. Onyo hilo lisikilize. Njia rahisi ni kujenga kwa musl, maktaba ya C iliyotoka mwaka 2011 ikiwa imeundwa na kazi hii akilini. Anayeandika Go ana nafuu zaidi: CGO_ENABLED=0 GOOS=linux GOARCH=arm64 go build, na kompyuta yako ya mjini inatoa faili moja ya kupeleka kwenye Raspberry Pi iliyoko mlimani. Kwa Rust, crate-type ya staticlib hutoa faili ya .a inayoweza kuitwa kutoka C.

Kabla ya safari andika file kipimo. Ukiona maneno statically linked, umefaulu.

Sasa gharama. Aprili 2014 ilipotangazwa Heartbleed, kasoro ya OpenSSL, waliotumia maktaba ya pamoja walibadilisha maktaba hiyo na kuwasha upya huduma zao. Waliokuwa nayo ndani ya programu walilazimika kujenga upya kila moja na kuisambaza. Kwa hiyo kwa programu inayopokea wageni kutoka intaneti, mimi nisingekimbilia muunganisho tuli. Kwa kipimamvua cha Kinole, bila kusita.

Leseni nazo zitazame. Ukiiunganisha glibc kwa njia tuli, leseni yake ya LGPL inakutaka umwezeshe anayepokea kuunganisha upya na toleo jingine la maktaba, mara nyingi kwa kumpa faili zako za .o. Musl, yenye leseni ya MIT, haidai hilo.

Mwisho, ipe programu amri ya kipimo --toleo, itaje kila maktaba iliyomo, toleo lake na tarehe ya kujengwa. Mtunza kituo cha mvua atayatuma majibu yake kwa ujumbe mfupi, na fundi aliye mjini ataamua kama kuna haja ya kupandisha mlimani kadi mpya ya kumbukumbu yenye programu iliyojengwa upya.