Kuomba Nafasi ya Ubingwa Marekani: Mwongozo kwa Daktari Aliyesoma Afrika Mashariki

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa ajili ya daktari aliyehitimu MD au MBChB Tanzania, Kenya, Uganda au nchi jirani, na anayefikiria kusomea ubingwa nchini Marekani. Kinamfaa pia mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano, maana safari hii huanza kabla ya mahafali.

Kwetu, anayesoma MMed kwa kawaida hulipa ada au hutafuta mfadhili. Marekani, anayesomea ubingwa ni mwajiriwa wa hospitali na hulipwa mshahara. Magonjwa ya ndani, watoto na tiba ya familia huchukua miaka 3, upasuaji wa jumla miaka 5, na upasuaji wa ubongo miaka 7. Ndiyo maana nafasi hizi hugombewa na madaktari kutoka pande zote za dunia.

Ujumbe wetu ni mmoja: kazi uliyoifanya wodini ina uzito, lakini anayesoma maombi yako huko Ohio au Texas hajawahi kuiona wodi hiyo. Mweleze kinagaubaga.

1. Ujue ushindani ulivyo

Nafasi hugawanywa na NRMP, chombo kilichoanza kazi hiyo mwaka 1952, kupitia utaratibu uitwao Match. Machi 2025 zilitangazwa nafasi 43,237. Kati ya waliokuwa wakimaliza vyuo vya MD vya Marekani, asilimia 93.5 walipata nafasi. Kwa waliosoma nje ya Marekani na wasio raia wa nchi hiyo, kundi ambalo wengi wetu tumo, waliopata walikuwa asilimia 58.

Fani nazo hazilingani. Magonjwa ya ndani, tiba ya familia, watoto na patholojia hupokea wageni wengi zaidi. Ngozi, mifupa, upasuaji wa ubongo na upasuaji wa kurekebisha maumbile ni milango myembamba hata kwa Wamarekani wenyewe. Ukichagua mojawapo ya fani hizo, jiandae kwa miaka ya utafiti kabla ya kuomba, na uwe na fani ya pili ambayo kweli ungeifanya kwa moyo.

2. Masharti ya kutimiza mapema

- Cheti cha ECFMG, chombo kinachohakiki sifa za madaktari waliosoma nje ya Marekani. Daktari aliyesoma nje hawezi kuanza mafunzo bila cheti hiki. Hakikisha kwanza kwamba chuo chako kimo katika orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari na kinakidhi matakwa ya ECFMG.
- Mitihani ya USMLE, yaani ya leseni ya udaktari Marekani. Tangu Januari 2022, Step 1 hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Kwa sababu hiyo alama za Step 2 CK, ambazo bado ni za namba, zimekuwa na uzito mkubwa. Huruhusiwi kufanya hatua moja zaidi ya mara 4, na mtihani uliofeli hubaki kwenye rekodi yako. Usiufanye kabla hujaiva.
- Kiingereza cha kitabibu. Mtihani wa OET ni sehemu ya njia ya kupata cheti, na unahitajika hata kama ulisoma udaktari kwa Kiingereza.
- Mazoezi ya hospitalini Marekani. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuruhusiwa kumgusa mgonjwa, kuchukua historia na kuwasilisha kesi. Akishahitimu, mara nyingi huruhusiwa kutazama tu. Kama chuo chako kina kipindi cha elektivu, kitumie.
- Nyaraka za chuo. Utahitaji matokeo yako na barua ya tathmini iitwayo MSPE. Ofisi nyingi za vyuo vyetu haziandiki barua hiyo kila siku, kwa hiyo peleka ombi miezi kadhaa kabla, ukiambatanisha maelezo ya yanayotakiwa.

3. Kalenda ya msimu

- Juni: mfumo wa maombi wa ERAS hufunguliwa kwa msimu mpya. Anza kujaza.
- Septemba: maombi hutumwa mwanzoni mwa mwezi, programu za mafunzo za hospitali huanza kuyasoma mwishoni. Jisajili NRMP pia, kwani huo ni usajili tofauti.
- Oktoba hadi Januari: usaili.
- Februari hadi mwanzoni mwa Machi: kupanga na kuthibitisha orodha ya machaguo.
- Wiki ya tatu ya Machi: Jumatatu unaambiwa kama umepata, Ijumaa unaambiwa wapi.
- Julai: kazi inaanza.

4. Fomu ya maombi: andika kazi, acha sifa

ERAS inakuruhusu kuorodhesha shughuli 10, na kati ya hizo kueleza 3 zilizokuwa na maana zaidi kwako. Hapa ndipo wengi wetu hujipunja. Tazama mfano:

*Dhaifu:* "Nilikuwa daktari tarajali katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Nilihudumia wagonjwa wa idara zote kwa bidii na uadilifu."

*Wenye uzito:* "Usiku nilikuwa daktari pekee katika wodi ya watoto, daktari bingwa alipatikana kwa simu. Mashine moja ya oksijeni ilihudumia watoto wawili au watatu wenye nimonia. Nilipima oksijeni ya kila mtoto kila saa na kuamua nani atangulie. Niliandika utaratibu wa ukurasa mmoja wa kuwapanga, na wauguzi waliendelea kuutumia nilipohamia wodi nyingine."

Maelezo ya pili hayana neno la kujisifu, lakini msomaji ameona mazingira, uamuzi na matokeo. Ameelewa pia kwamba daktari huyu ameshabeba dhamana ya maisha ya watu. Andika hivyo kila shughuli, na usiongeze chumvi: jambo lolote uliloandika linaweza kuulizwa kwenye usaili.

Barua za mapendekezo. Kila programu unaweza kuipelekea barua zisizozidi 4. Barua ya profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka ina faida ndogo kuliko ya daktari bingwa aliyezunguka nawe wodini kila asubuhi. Mpe wasifu wako na umkumbushe wagonjwa wawili watatu mliowahudumia pamoja. Kubali kuondoa haki yako ya kuisoma. Barua ya siri huaminiwa zaidi.

Maelezo binafsi. Ukurasa mmoja unatosha. Eleza kwa nini fani hii, umefanya nini kuifuata, na unataka kuwa daktari wa aina gani. Kama una pengo la miaka tangu ulipohitimu, litaje kwa sentensi mbili na useme ulikuwa unafanya nini.

Ishara za nia. Fani nyingi sasa humpa mwombaji idadi maalumu ya ishara za kuonyesha programu anazozitaka zaidi. Mifupa, kwa mfano, hutoa 30. Kabla ya kuzitumia, angalia kama programu hupokea waliosoma nje na kama hudhamini viza. Ada ya ERAS hupanda kadiri unavyoongeza programu, hivyo uchunguzi huo utakuokolea fedha pia.

5. Usaili

Tangu 2020 usaili mwingi hufanyika kwa video, jambo lililotupunguzia gharama ya nauli na viza ya kwenda kusailiwa. Lakini angalia saa. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 jioni ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mwezi Oktoba. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba, inakuwa saa 11 jioni kwetu. Kwa Los Angeles mwezi Desemba, saa hiyo hiyo ya asubuhi ni saa 2 usiku. Andaa chaji ya kutosha, bando la akiba kwenye simu, na chumba ambacho hakuna atakayegonga hodi.

Maswali yanayorudi mara kwa mara:

- Tueleze habari zako.
- Kwa nini fani hii, na kwa nini hapa kwetu?
- Tueleze siku mliyotofautiana na mwenzako kazini.
- Ni mgonjwa gani aliyebadilisha namna unavyofanya kazi?
- Una maswali gani kwetu?

Kwa maswali ya matukio, fuata mtiririko huu: hali ilikuwaje, wajibu wako ulikuwa upi, ulifanya nini, yaliishaje, na ulijifunza nini. Dakika mbili zinatosha.

Malezi yetu hutufundisha kusema "tulifanya" hata pale mtu alipofanya peke yake, na kutomkazia macho mkubwa. Ni adabu njema nyumbani. Kwenye usaili huu, msaili anataka kujua mchango wako. Sema "nilifanya" kwa lililo lako, wataje wenzako kwa lililo lao, na elekeza macho kwenye kamera. Fanya mazoezi na rafiki atakayekukatiza na kukuuliza "kwa nini?", na usikariri majibu neno kwa neno.

Kanuni za NRMP haziruhusu programu kukulazimisha useme umeomba wapi kwingine au utaipanga ya ngapi. Ukiulizwa, jibu kwa upole: "Naithamini sana programu hii, na orodha yangu nitaipanga kwa uangalifu." Habari za ndoa, ujauzito na dini pia hulazimiki kuzieleza.

6. Panga orodha kwa matakwa yako

Baada ya usaili unapanga programu kuanzia unayoitaka zaidi. Nazo zinawapanga waombaji. Kompyuta huanza na chaguo lako la kwanza. Ikiwa programu hiyo imekuorodhesha na ina nafasi, inakushika kwa muda. Akija mwombaji inayempenda zaidi na nafasi zimejaa, unaachwa, na kompyuta inajaribu chaguo lako la pili kana kwamba ndilo lilikuwa la kwanza.

Kwa hiyo kuweka juu programu ngumu unayoipenda hakukupunguzii nafasi katika zile za chini. Usiipandishe programu kwa sababu tu imekuandikia barua ya kukusifu. Utaratibu huu, unaoanza na matakwa ya mwombaji, umetumika tangu 1998. Alvin Roth, aliyeubuni upya, alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley.

Matokeo ni mkataba unaokufunga. Usiorodheshe mahali ambapo usingekubali kwenda.

7. Viza

Wengi huingia kwa viza ya J-1, ambayo huhitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yako, na humtaka daktari arudi kwao kwa miaka 2 baada ya mafunzo, isipokuwa apate msamaha maalumu. Viza ya H-1B hutaka uwe umefaulu Step 3, hatua ya mwisho ya USMLE, na Septemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya. Kanuni za viza hubadilika na huhusu nchi moja moja, kwa hiyo zithibitishe kwenye tovuti za serikali ya Marekani kabla hujalipia chochote.

8. Jihadhari na vishoka

Hakuna mtu anayeuza nafasi ndani ya Match. Anayekuahidi usaili wa uhakika kwa malipo, au kukuandikia barua ya daktari ambaye hujawahi kufanya naye kazi, anakuibia fedha na anaweza kukufungia mlango moja kwa moja. Udanganyifu ukigundulika, ECFMG na NRMP wanaweza kukuzuia kushiriki.

9. Ukikosa

Wiki hiyo hiyo ya matokeo kuna awamu ya SOAP ya kugawa nafasi zilizobaki. Omba kupitia ERAS tu. Kuzipigia simu programu kabla hazijakutafuta ni kosa. Ukikosa tena, uliza ni nini kilipungua: alama, barua, mazoezi ya Marekani au aina ya programu ulizochagua. Rekebisha hilo kabla ya kuomba upya.

Na pima njia zilizopo nyumbani. MMed ya vyuo vyetu, na mafunzo ya COSECSA, chombo kilichoanzishwa mwaka 1999 na kinachowafunza wapasuaji katika hospitali za ukanda huu, yametoa mabingwa wanaotegemewa na mamilioni ya watu. Ukienda, nenda kwa kuwa umeichagua fani hiyo na mafunzo hayo. Ukibaki, una kazi ya kufanya, na wagonjwa wanakuhitaji.

Anza na haya wiki hii: hakiki hadhi ya chuo chako kwa ECFMG, andika tukio moja la wodini kwa mtindo wa sehemu ya 4, na mwombe daktari bingwa mmoja anayekufahamu akusomee na kukukosoa.