KUCHAGUA MLINZI WA VYOMBO VYA UMEME

Ninyi wazee wa shule mliotuletea amplifaya ya ukumbini, ninalo kosa la kuungama, na ndani ya kosa hilo mna somo.

Muhula uliopita radi ilipiga karibu na nguzo za umeme kule bondeni. Amplifaya ilikuwa imechomekwa ukutani. Fyuzi ikakatika, na dayodi nne zikaungua. Mimi nikiwa kiongozi wa chama cha sayansi nilizibadili, nayo ikasema tena. Lakini Padre anayetufundisha fizikia akaniambia, "Mwanangu, mlango alioingilia mwizi bado u wazi. Tafuta mlinzi."

Mlinzi wa kawaida wa umeme wa nyumbani huitwa varista. Ni kisahani kidogo chenye miguu miwili, kilichofanywa kwa punje za oksidi ya zinki. Hufungwa kati ya nyaya mbili za umeme, mbele ya chombo. Volti zikiwa za kawaida, hunyamaza kama hayupo. Zikizidi sana, hufungua njia kwa ghafula, na mkondo wa hatari hupita kwake badala ya kupita chomboni.

Dukani mjini nilionyeshwa visahani viwili, kimoja kimeandikwa 14D271, cha pili 14D471. Namba 14 ni upana kwa milimita. Katika 271, chukua 27, kisha ongeza sifuri 1: ni volti 270. Kwa volti hizo kisahani huanza kupitisha mkondo mdogo wa miliampea 1. Mwenye duka aliniuliza, "Kijana, umeme wenu ni volti ngapi?" Nikamjibu, "240, Bwana." Akanisogezea kile cha 471. Mimi nikajiona mwerevu: mwenye namba ndogo ataamka mapema, basi atalinda zaidi. Nikanunua 271.

Jioni niliwasha amplifaya mbele ya wenzangu. Hazikupita sekunde nyingi, moshi ukatoka, kisahani kikapasuka kwa kishindo, fyuzi ikakatika. Wenzangu walicheka, mimi sikucheka.

Kosa langu lilikuwa hili. Volti 240 si kilele cha umeme wetu. Umeme huo huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na kilele chake ni 240 mara 1.41, yaani karibu volti 340. Mlinzi wangu wa volti 270 alikuwa akimkamata mwenye nyumba mara 100 kila sekunde! Ilimpasa kufa kwa uchovu.

Basi, ndugu zangu, shikeni mambo manne.

Kwanza, mlinzi huchaguliwa kwa volti anazopaswa kuzivumilia kila siku. Pimeni umeme wenu usiku wa manane, watu wengi wakiwa wamezima. Kwetu mita ilionyesha 256. Kisahani cha 471 huvumilia 300 daima, kwa hiyo kinafaa.

Pili, jueni anachokiachia. Kisahani hicho cha 471 kikipitisha ampea 50, chombo bado huonja volti kama 775. Vilivyo nyuma yake sharti viweze kuvumilia pigo hilo fupi.

Tatu, fyuzi itangulie mbele ya varista. Kila pigo humzeesha, na mwisho wake aghalabu ni kupitisha umeme bila kizuizi. Pasipo fyuzi, mlinzi atawasha moto.

Nne, miguu yake iwe mifupi. Mkondo wa radi hupanda upesi mno, na waya wa mita 1 waweza kuongeza volti mia kadhaa juu ya zile anazoachia.

Wako walinzi wengine wawili. Mrija wa gesi hubeba mkondo mkubwa sana, nao hufaa kwa waya wa simu au wa eriali. Lakini msiuweke peke yake katika umeme wa nyumba, kwa kuwa ukishawaka huenda usizimike. Dayodi ya kinga ni nyepesi kuliko wote kuamka, ila nguvu zake ni chache. Hufaa kwa saketi za volti ndogo. Kwa betri ya volti 12, kumbukeni kwamba ikichajiwa hufika 14 na zaidi. Chagueni dayodi inayovumilia 15.

Nilirudi dukani kwa fedha zangu mwenyewe. Mwenye duka hakuniuliza neno, alinipa 471 tu. Amplifaya ni nzima, nanyi wazee mtaisikia siku yenu. Hata hivyo hakuna kisahani kiwezacho kuzuia radi ipigayo nyumba yenyewe. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya Ziwa, nakwenda mapema ukumbini kuchomoa plagi, kabla ngurumo haijafika.